Pampu ya mkono ya lita mbili: ninavyoosha injini ya Fielder yangu hapa Mamboleo

Nimekaa na pampu hii miezi kumi na minne na nimeosha nayo injini mara tano. Ni ile pampu ya mkono inayouzwa kwenye agroveti kwa ajili ya kunyunyizia mboga dawa: chupa ya plastiki ya lita mbili, mpini wa kusukuma juu, kitufe cha kidole gumba, na mdomo mdogo wa shaba unaouzungusha ili maji yatoke kama ukungu au kama uzi. Niliinunua shilingi 450 karibu na soko la Kibuye, hapa Kisumu. Muuzaji aliuliza ninapulizia sukuma wiki au nyanya. Nilipomwambia ni ya injini ya gari, alinitazama kidogo kisha akasema, "Mwalimu, hiyo itakuchukua siku nzima." Inanichukua saa mbili, na sijawahi kujuta.

Gari langu ni Toyota Fielder ya 2009, injini ya 1NZ-FE, cc 1,500. Nafundisha kemia katika shule ya sekondari upande wa Vihiga, na kila siku napita barabara ya udongo mwekundu. Kiangazi vumbi linaingia kila tundu. Mvua ikinyesha, matope yanaruka kutoka kwenye magurudumu ya mbele hadi chini ya injini, yanakauka pale kwa joto, na penye oili kidogo yanageuka kitu kama ugali uliokauka sufuriani. Ukifungua boneti huoni chuma, unaona udongo.

Kwa miaka niliipeleka kuoshwa mjini kama kila mtu. Kuna mahali nilipozoea, sitapataja, vijana wachapakazi kabisa. Siku moja niliwaambia waoshe na injini. Kijana alifungua boneti, injini ikiwa bado ya moto kwa sababu nilikuwa nimetoka kazini moja kwa moja, akapuliza mafuta taa kila mahali, akasubiri kama dakika mbili, kisha akaielekeza mashine ya presha katikati kabisa. Mvuke ulipaa. Nilisimama nikitazama kama mtu asiyejua lolote, mimi ninayefundisha watoto jinsi vitu vinavyoshika moto. Injini ilitoka iking'aa. Nililipa, nikashukuru.

Kesho yake asubuhi, nikipanda kilima baada ya Mamboleo kuelekea Kiboswa, gari lilianza kutetemeka. Nikikanyaga mafuta halivuti, linapiga kwikwi tu. Taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi, mwanzo ikipepesa, kisha ikatulia. Matatu zilinipita zikinipigia honi. Nilisogea kando, nikampigia fundi wangu. Alikuja na kile kimashine cha kusoma kodi za hitilafu za injini, kikaonyesha P0303, maana yake silinda ya tatu haichomi sawasawa. Alitoa kile kifuniko cha plastiki cha juu, akafungua skrubu ya koili, kile kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche, akaivuta. Mle kwenye shimo la plagi mlikuwa na maji. Si unyevu, maji ya kuchovya kidole. Koili ilikuwa imekwisha. Tulipata nyingine iliyotumika kutoka Japani kwa shilingi 3,500, na siku hiyo vipindi vyangu viwili vya asubuhi vilipotea.

Fundi, mzee mmoja mpole ambaye huniita "dada" ingawa amenizidi miaka ishirini, alinieleza jambo ambalo ndilo lililonifikisha kwenye pampu ya agroveti. Injini imetengenezwa kuvumilia maji ya mvua yanayorushwa na tairi kutoka chini. Zile raba ndogo zinazofunga mashimo ya plagi, zile soketi za waya, vile vifuniko vya sensa, vyote vinazuia maji yanayodondoka. Havikutengenezwa kuzuia maji yanayosukumwa kwa nguvu kutoka juu, na raba ya gari lenye zaidi ya miaka kumi imeshakauka na kupasuka. Nilikwenda nyumbani nikapiga hesabu. Tairi la Fielder tunalijaza upepo wa PSI 32 hivi. Mashine ya presha ya kuoshea magari hutoa maji kwa 1,500 na zaidi kwa kipimo hichohicho. Pampu ya mkono ya aina hii, hata ukiisukuma mpaka mkono uchoke, haizidi sana upepo wa tairi. Nguvu hiyo inatosha kusuuza sabuni, wala haiwezi kusukuma maji kupita raba iliyo nzima kidogo. Nilichokuwa nikihitaji kumbe ni maji kidogo na brashi nyingi.

Basi pampu peke yake si kitu bila dawa ya kuondoa grisi, na hapa nataka kukaa kidogo, maana watu wengi wanaharibu injini kwa dawa kuliko kwa maji.

Mafuta taa kwanza. Najua yanang'arisha, najua ni rahisi. Lakini mafuta taa huanza kutoa mvuke unaoweza kushika moto kwenye joto la kama nyuzi 38 za Selsiasi, na bomba la ekzosi la gari lililotoka kupanda mlima lina mamia ya nyuzi. Tena pale kuna betri, kuna waya, kuna cheche. Ukiacha moto, mafuta taa hulainisha na kuvimbisha raba: hosi za maji, fenibelti, zile zile raba za mashimo ya plagi. Na mng'ao wenyewe ni utando wa mafuta unaokusanya vumbi upya; wiki mbili baadaye injini ni chafu kuliko mwanzo. Petroli hata sitaizungumzia. Anayeosha injini kwa petroli na aache leo.

Pili, dawa za grisi za kupimiwa kwa lita. Mjini kuna maduka mengi yanayouza malighafi za sabuni, na karibu kila moja lina dawa yake ya injini kwenye mtungi mkubwa bila maelezo. Baadhi zimetiwa kostiki soda kwa wingi. Inakata grisi ajabu, lakini injini ya 1NZ ni ya alumini, bloki na kichwa, na kostiki na alumini hawakai pamoja. Kwa hiyo kabla ya kumwaga kitu chochote kwenye gari nafanya jaribio ambalo yeyote anaweza kulifanya. Nachukua mfuniko wa zamani wa sufuria ya alumini, nasugua sehemu moja mpaka ing'ae, nadondoshea dawa matone matatu bila kuizimua, nasubiri dakika kumi. Dawa ya kwanza niliyonunua ilianza kutoa mapovu madogo madogo hata kabla sijakaa chini, na nilipofuta kulikuwa na doa la kijivu kizito. Yale mapovu ni haidrojeni, alumini yangu inaliwa. Niliirudisha dukani. Muuzaji hakukubali kunirudishia pesa, nikamwachia tu. Dawa ya pili, kutoka duka jingine, haikutoa povu wala doa. Ni ya majimaji, haina harufu ya mafuta, shilingi 180 kwa lita, na aliniuzia pamoja na maelekezo: kipimo kimoja cha dawa kwa kumi vya maji kwa uchafu wa kawaida, moja kwa nne kwa grisi nzito. Ndiyo ninayoitumia mpaka leo, na lita mbili zimenitosha mwaka mzima.

Naifanya kazi hii Jumamosi, saa moja asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha. Naliwasha dakika tatu tu ili injini iwe vuguvugu, mkono ukae juu yake bila kuungua. Iliyo baridi kabisa grisi haiachii. Ya moto, dawa inakauka kabla haijafanya kazi, na maji baridi kwenye chuma chenye moto yanaweza kukipasua. Kisha nazima, natoa ufunguo, na kwa spana namba kumi nafungua waya hasi wa betri. Hasi kwanza wakati wa kufungua, hasi mwisho wakati wa kufunga. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi ya gari, utaona radi ndogo. Saa ya redio itarudi sifuri, na siku ya kwanza injini inaweza kunguruma bila kutulia kidogo mpaka ijizoeshe tena. Hilo lisikutishe.

Kufunika ndiko kazi yenyewe. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwezi wa nane 2017, nahifadhi karatasi za mkate. Moja naivisha altaneta inayochaji betri, moja mdomo wa kuvutia hewa, mbili zinapita juu ya koili na soketi zake, moja kisanduku cha fyuzi karibu na betri ingawa kina kifuniko chake. Nafunga kwa vipande vya blada, ile mipira ya tyubu ambayo vijana wa bodaboda hufungia mizigo. Blada inashika vizuri kuliko kamba kwa sababu inavutika na kubana. Dakika ishirini zinaisha hapa na sioni kwa nini niharakishe. Naangalia pia kifuniko cha oili na kijiti cha kupimia viwe vimekaa imara.

Kabla ya tone la maji, nafagia pakavu. Brashi ya rangi ya inchi mbili, na mswaki wa zamani kwa pembe. Mara ya kwanza nilipofagia chini ya vioo, pale vifuta maji vinapoanzia, nilitoa majani makavu ya mwembe kiasi cha kujaza karai. Nyuma ya betri nilikuta kiota cha panya, kimejengwa kwa pamba iliyonyofolewa kwenye lile zulia la chini ya boneti, na ndani yake maganda ya karanga. Waya mmoja ulikuwa umeanza kutafunwa ngozi ya juu. Mashine ya presha ingekizamisha kiota kile ndani zaidi, na nisingejua kitu mpaka waya ukatike. Niliufunga kwa utepe wa umeme, nikamwonyesha fundi Jumatatu.

Halafu sasa pampu. Naijaza dawa iliyozimuliwa, nasukuma mpini mara kumi na tano hivi, naweka mdomo kwenye ukungu, nanyunyiza kutoka chini kwenda juu ili dawa isichore michirizi. Miwani ya maabara machoni, glavu mikononi, maana unasimama uso ukiwa juu ya kile unachonyunyiza na upepo wa ziwa asubuhi hauna adabu. Nasubiri dakika tano, nasugua kwa mswaki, nanyunyiza tena penye grisi nzito. Nasuuza chupa ya pampu vizuri, naijaza maji safi, nageuza mdomo utoe uzi mwembamba, nasuuza injini sehemu kwa sehemu. Kwa injini nzima natumia chupa nne, maana yake lita nane. Karibu na koili na soketi sielekezi pampu kabisa. Pale natumia kitambaa chenye unyevu, nafuta, nakikamua.

Vichwa vya betri vina habari yao. Ukiona unga mweupe au wa kijani umeota pale, chukua kijiko kimoja cha soda ya kuokea kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, upake kwa mswaki. Litatoka povu jingi. Ni asidi inazimwa. Povu likiisha, futa, suuza kidogo, kausha, paka grisi safi. Usiruhusu maji hayo kuingia ndani ya betri yenyewe ikiwa ina vifuniko vya kujazia.

Kukausha sina haraka. Natoa karatasi za mkate, nafuta kwa fulana kuukuu, napuliza pembe kwa pampu ya baiskeli, naiacha boneti wazi kwenye jua saa nzima. Ndipo narudisha waya wa betri, nawasha, naacha inguruma dakika kumi boneti ikiwa bado wazi, macho yangu kwenye dashibodi. Soketi ikionekana kuwa na unyevu naipulizia WD-40 kidogo na kuifuta. Herufi zake mbili zina maana ya kuondoa maji. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1953 kwa kazi hiyohiyo. Lakini isiguse fenibelti, itaanza kuteleza na kulia. Kung'arisha plastiki kwa mafuta sifanyi. Injini safi ina rangi ya kijivu iliyofifia, na rangi hiyo naipenda.

Faida ambayo sikuitegemea ni hii. Baada ya kuosha mara ya pili, wiki moja tu, niliona mstari mwembamba wa oili mpya ukishuka kutoka kwenye gasketi ya kava ya tapeti, upande wa silinda ya nne. Kwenye injini iliyofunikwa udongo nisingeuona kwa mwaka mwingine. Fundi alibadilisha gasketi kwa nusu siku. Ndiyo maana hata kama huna haja ya gari kupendeza, osha.

Sasa kasoro za pampu, maana zipo. Mpira wa ndani wa kuzuia hewa ulivimba baada ya miezi minne kwa sababu niliacha dawa isiyozimuliwa ndani usiku mzima. Pampu ikawa inasukumika lakini haishiki hewa. Nilinunua mpira mwingine shilingi 30, na tangu hapo nasuuza kila mara nikimaliza. Ukiinamisha chupa sana inavuta hewa badala ya maji, kwa hiyo chini kabisa ya injini, karibu na sampu, lile bakuli la oili, haikusaidii. Pale natumia brashi yenye mpini mrefu. Kitufe cha kidole gumba kina kifungo cha kukiacha wazi, lakini cha kwangu kilivunjika mwezi wa pili, na kidole kinachoka. Mdomo wa shaba unaziba ukitumia maji ya kisima yenye mchanga. Chuja kwa kitambaa. Dhamana hakuna. Na jambo zito: usichukue pampu iliyowahi kubeba dawa ya kuua magugu ukaitumia kwa gari, na zaidi usichukue ya gari ukarudi nayo kwenye sukuma. Yangu nimeipaka alama ya rangi nyekundu, watu wote nyumbani wanajua.

Kuna la maji machafu pia. Sisi wa Kisumu tumeshaona gugumaji likifunika Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria tangu miaka ya 1990, na magari yamekuwa yakioshwa ufukweni, oili na sabuni vikiingia moja kwa moja kwenye maji ambamo ngege na mbuta wetu wanavuliwa. Siwezi kufundisha watoto habari za uchafuzi halafu niimwage yangu mtaroni. Kwa kuwa ni lita nane tu, inawezekana kuzidaka. Chini ya injini natandaza maboksi yaliyofunguliwa, juu yake magunia mawili ya zamani yenye randa za mbao, vile vipande vyembamba vinavyotoka mbao ikirandwa, kutoka kwa seremala. Randa zinafyonza karibu zote. Nazikusanya kwenye debe, nazipeleka kwa fundi anakokusanya oili chafu. Haziendi jikoni, hata kama kuni ni ghali. Moshi wa oili si wa kupikia. Kwa mashine ya presha inayotoa lita kadhaa kwa dakika usingeweza kufanya hivi hata ukitaka.

Kwa pampu yenyewe naipa nne kati ya tano, ile moja imepotea kwa kitufe. Kwa kazi yote, pampu, dawa, brashi mbili na glavu, nilitumia chini ya shilingi 1,200, theluthi tu ya ile koili. Mwenzangu wa idara ya hisabati ana Probox yenye udongo kama wangu wa zamani na ameniomba aazime pampu Jumamosi ijayo. Nimemwambia aje saa moja, gari likiwa limelala, na aje na karatasi zake za mkate.